Niliyoyaona Nikiosha Miwani ya 3D

Kazi yangu ya kwanza Nairobi ilikuwa kuosha miwani. Nilitoka Kisauni mwaka 2011 nikafikia kwa ami yangu, mdogo wake baba, aliyekuwa fundi wa mitambo katika jumba moja la sinema, na yeye ndiye aliyeniombea kibarua pale. Nilidhani nitawekwa dirishani kuuza tikiti. Nikaonyeshwa kijichumba nyuma ya vyoo, chenye sinki mbili, beseni tatu na makreti ya miwani nyeusi za plastiki. Kila onyesho la 3D, yaani la filamu yenye kina, likiisha, wenzangu wawili walisimama mlangoni kuzipokea, nami nikawa na dakika ishirini hivi za kuziandaa kabla ya onyesho la pili. Zilirudi na mafuta ya bisi, wanja, jasho, mate ya watoto, na mara mojamoja chingamu.

Ami ndiye aliyenifundisha kuziosha. Siku ya kwanza alishuka kutoka chumba cha projekta, akanikuta nazipangusa kwa karatasi ya chooni, akanipokonya taratibu. "Usipanguse kavu, mwanangu. Vumbi ni mchanga huo. Ukisugua unakwaruza, na kila mkwaruzo ni mwanga umeupoteza." Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, suuza, kung'uta, kisha kitambaa cha pamba kilichochakaa. Sikuelewa mtu mzima anahangaikia nini kwa miwani ya plastiki. Nilikaa pale miaka sita. Kutoka kwenye sinki nilipelekwa mlangoni, kisha dirishani, na mwishowe nikapanda juu kuwa msaidizi wa ami mwenyewe. Huko juu ndiko nilikolielewa lile neno lake la mwanga.

Hadi leo watu wakijua nilifanya kazi sinema huniuliza kama filamu za 3D zina maana yoyote, au ni ujanja wa studio kutuongezea bei. Nimelifikiria swali hilo kwa miaka, na siwezi kulijibu bila kuanza na taa.

Macho yetu yametengana kwa sentimita sita na nusu hivi, kwa hivyo kila moja huona kitu kilekile kwa pembe yake. Ubongo ukizilinganisha picha hizo mbili hujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Charles Wheatstone, mwanasayansi wa Uingereza, alilieleza jambo hili mwaka 1838, hata kabla upigaji picha haujatangazwa kwa ulimwengu. Kazi ya filamu ya 3D ni kulipelekea kila jicho picha yake. Sisi tulikuwa na projekta moja tu. Ilirusha picha ya jicho la kushoto, kisha ya kulia, kwa kupokezana mara 144 kwa sekunde. Mbele ya lenzi kulikuwa na kichujio kilichoupa mwanga wa kila picha mzunguko wake, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto, na kila kioo cha miwani kiliruhusu mzunguko mmoja na kuuzuia mwingine. Hata kiwamba chenyewe kilikuwa cha rangi ya fedha, kimepakwa madini, kwa sababu kiwamba cheupe cha kawaida huuvuruga ule mzunguko na picha zikachanganyika.

Sasa piga hesabu. Kila jicho lina zamu, kwa hivyo linapata nusu ya muda. Kichujio kinameza sehemu kubwa ya kinachobaki. Miwani nazo zinameza chake, hasa zikiwa na mikwaruzo. Mwisho wa safari, mwanga unaoingia jichoni mara nyingi haufiki hata theluthi ya ule wa filamu ya kawaida. Ukitaka kuamini, vua miwani katikati ya filamu ya 3D uone kiwamba kinavyong'aa ghafla. Mtazamaji analipa nyongeza dirishani, akiingia ndani analipa tena kwa mwanga, na hili la pili hakuna anayemwambia.

Jumba lenye nia njema linaweza kufidia. Linanunua projekta yenye nguvu, linabadilisha taa mapema. Letu halikuwa hivyo. Taa za zenoni, zile zinazowaka ndani ya projekta, huanza kali kama jua la mchana, kisha hufifia kadiri saa zinavyosonga. Mtengenezaji hutaja saa za kuitumia, kwa sababu ikizidishwa inaweza hata kupasuka. Bei yake ni kubwa, na meneja wetu alitaka kila taa ivuke muda wake. Wakati mwingine aliagiza nguvu ipunguzwe ili idumu. Filamu ya kawaida huenda ikastahimili hayo, watu wasitambue. Filamu ya 3D ilikuwa inazimika mbele ya macho yetu. Nakumbuka nimekaa safu ya nyuma, filamu ya vita, mapigano ya usiku, na ukumbi mzima watu wanatazama simu zao. Hawakuwa wamechoshwa na hadithi. Hawakuona nani anampiga nani.

Ami alipanda na kushuka ofisini kwa jambo hili. Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni na sanduku la miwani nikamsikia akimwambia meneja, kwa sauti ya chini kabisa, "Bwana, umewauzia watu giza." Mzee wa miaka karibu sitini, mpole, asiyepaza sauti hata nyumbani. Sijawahi kumwona na hasira kama siku ile. Taa ilibadilishwa baada ya wiki tatu.

Kulikuwa na jingine lililomuuma zaidi. Kichujio cha 3D katika mtambo wetu kilisogezwa kwa mkono. Vijana wa zamu ya usiku walikuwa wakimaliza onyesho la 3D wanakiacha palepale, na filamu ya kawaida inayofuata ikapita ndani yake. Watu waliokataa 3D kwa hiari yao, wakalipa bei ya chini, wakaketi bila miwani, nao wakatazama picha iliyofifia bila kujua sababu. Mwaka huohuo wa 2011 gazeti la Boston Globe lilikuwa limefichua kwamba majumba ya huko Marekani yalifanya vivyo hivyo. Nilipomwonyesha ami ile habari kwenye simu aliisoma mara mbili, akanirudishia bila kusema neno.

Lazima nieleze ami alitoka wapi, ili ieleweke kwa nini aliyachukua haya moyoni. Alianza ujanani Mombasa, zama za mikanda, wakati wikendi familia nzima zilivaa vizuri na kupanga foleni kuona filamu za Kihindi. Mkanda ukikatika alikuwa na dakika moja ya kuuunga kabla ukumbi haujaanza kupiga miluzi. Alijua kwa sikio kama mtambo unakwenda sawa. Kisha Desemba 2009 ikatoka Avatar ya James Cameron, filamu iliyogharimu zaidi ya dola milioni 230 na kuingiza zaidi ya bilioni 2.7 duniani kote, na kila mwenye jumba akataka 3D. Kwa mikanda ilikuwa shida kuionyesha ipasavyo. Ilihitajika projekta ya dijitali.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu kuhusu studio ambacho sikukipata kwenye mjadala wowote wa watazamaji. Tunapouliza kama 3D iliwalipa, huwa tunahesabu tikiti. Lakini studio zilikuwa zimetaka kwa miaka mingi majumba yaachane na mikanda. Nakala moja ya mkanda iligharimu zaidi ya dola elfu moja, na filamu kubwa ilihitaji maelfu ya nakala, pamoja na usafirishaji wake. Filamu ya dijitali inakuja ndani ya diski inayotoshea mkobani. Wenye majumba walisita kununua mitambo mipya, maana faida ya kuondoa mikanda ilikuwa ya studio. Kilichowashawishi wengi ni 3D, kwa sababu 3D ilikuwa na nyongeza ya bei ambayo mwenye jumba naye angegawiwa. Kwa hivyo hata kama kesho hakuna atakayevaa tena miwani zile, studio zilishavuna. Ami alizipakia mashine zake za mikanda kwenye lori mwenyewe. Ile ya kuungia mikanda, ndogo ya mezani, aliomba apewe, akaja nayo nyumbani.

Nyongeza ya bei nayo ilinoga. Mwaka 2010 peke yake, Marekani na Kanada, maonyesho ya 3D yaliingiza takribani dola bilioni 2.2, kama moja ya tano ya mapato yote ya sinema huko. Ukiona pesa kama hiyo, unaanza kuifukuzia. Na hapo ndipo studio zilipoanza kuharibu chombo chao wenyewe.

Clash of the Titans ilipigwa kwa kamera za kawaida. Avatar ilipovuma, studio ikaamua kuigeuza iwe 3D, na kazi hiyo ikafanywa kwa takribani wiki kumi ili iwahi Aprili 2010. Kuigeuza filamu kuna maana ya kuchukua kila picha na kukata kila mtu, kila jani, kila unywele, kuupa umbali wake, kisha kuchora nyuma yake kile ambacho kamera haikukiona. Ukikimbiza kazi hiyo, watu wanakuwa kama makatuni ya kadibodi yaliyosimamishwa mmoja mbele ya mwingine, na nywele zinanata kwenye ukuta wa nyuma. Baadaye mwongozaji wake mwenyewe, Louis Leterrier, alikiri hadharani kwamba ule ugeuzaji ulikuwa wa haraka na ulitoka vibaya. Lakini filamu ilikwisha kuingiza karibu dola milioni 500, na wengi walioiona walikuwa watu waliotoka kwenye Avatar wakiwa na hamu ya kurudi. Walirudi, wakatoka na kichwa kikiwauma. Nilipoanza kazi mwaka uliofuata, wateja walikuwa tayari wanauliza dirishani, "Hii ni 3D ya kweli au ile nyingine?" Dada wa tikiti hakuwa na la kuwajibu, hakufundishwa tofauti.

Linganisha na Titanic, iliyorudishwa majumbani Aprili 2012. Nayo ni filamu ya kawaida iliyogeuzwa, lakini Cameron alitumia wiki 60 na dola milioni 18. Ilipoonyeshwa upya iliingiza zaidi ya dola milioni 300, filamu ya mwaka 1997 ambayo kila mtu alikuwa ameiona. Mimi niliitazama kutoka mlangoni, nikasahau kukusanya miwani. Na Gravity ya Alfonso Cuarón, mwaka 2013, sehemu yake pia ni picha zilizogeuzwa. Tofauti ni kwamba waliipanga hivyo tangu mwanzo. Ile ni anga nyeusi na mwili mmoja mweupe unaoelea, kamera haikatikatiki ovyo, macho yanapewa muda wa kutulia. Giza la 3D halikuidhuru maana giza lilikuwa lake tangu asili. Wiki ile hakuna mteja hata mmoja aliyeniambia anaumwa kichwa. Niliwauliza, wengi tu, mmojammoja, wakirudisha miwani.

Hilo la kichwa nalo nilikuja kulielewa huko juu. Nyosha mkono usimamishe kidole mbele yako. Kisogeze karibu na pua. Macho yako yanafanya mambo mawili kwa pamoja: yanageuka ndani yakutane kwenye kidole, na lenzi zake zinajibana ili kidole kionekane wazi. Maisha yako yote mambo hayo mawili yamekwenda sambamba. Ndani ya sinema ya 3D, simba akiruka kuelekea usoni kwako, macho yanageuka ndani kumfuata yeye, lakini mwanga bado unatoka kwenye kiwamba mita ishirini mbele, kwa hivyo lenzi inabidi zibaki kule. Unalazimisha vitu viwili vilivyozaliwa pamoja vitengane. Walter Murch, mhariri wa filamu mwenye jina kubwa Marekani, alilieleza hili mwaka 2011 katika barua kwa mchambuzi Roger Ebert, akaona kwamba hakuna teknolojia ya 3D itakayolitatua. Mimi sifiki mbali kama yeye. Nimewaona watu mamia kwa mamia wakitoka salama. Waliotoka vibaya walitoka zaidi kwenye filamu zinazorusha vitu usoni kila dakika na kukata picha haraka, jicho halijafika linavutwa pengine.

Na wapo ambao kina chenyewe hawakioni. Jumamosi moja alikuja mama na mtoto wa kiume wa miaka sita au saba. Katikati ya filamu mtoto alitoka nje akasema miwani yake mbovu. Nikampa nyingine. Akarudi. Nikampa ya tatu, niliyoiosha mwenyewe muda uleule, akarudi tena, safari hii na mama yake, amekasirika. Ami alikuwa anapita. Alichuchumaa mbele ya yule mtoto, akamfunika jicho la kulia kwa kiganja, akamwuliza anaona nini ukutani. Mtoto akanyamaza. Akamfunika la kushoto, akasoma bango zima. Ami akamwambia yule mama, kwa heshima sana, "Mama, mtoto hana kosa, na miwani hazina kosa. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii, usingoje. Jicho moja linamwachia mwenzake kazi yote, na likirekebishwa angali mdogo linapona." Mama aliomba arudishiwe pesa. Meneja akakataa, filamu imeshaanza. Nilimfuata hadi kwenye ngazi nikamrudia yale ya daktari, kwa kuogopa kwamba hasira ya pesa itamfanya ayasahau. Sijui alikwenda au hakwenda. Bado namfikiria yule mtoto.

Katika ofisi ya meneja kulikuwa na picha kubwa ukutani ambayo huenda umewahi kuiona: ukumbi umejaa wazungu waliovaa suti na tai, wote na miwani za 3D, wameelekeza nyuso mbele kama watu walio ibadani. Niliipenda kwa sababu zile zilikuwa miwani. Nilijiuliza ni nani alizikusanya mwisho. Siku moja nikaitafuta kwenye intaneti nijue walikuwa wanatazama nini.

Picha ilipigwa na J. R. Eyerman wa jarida la Life, Hollywood, usiku wa tarehe 26 Novemba 1952. Filamu iliitwa Bwana Devil. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Marekani iliyounganisha rangi na 3D, na ndiyo iliyowasha homa ya 3D ya miaka ile. Na hadithi yake ni ya simba wa Tsavo.

Niliacha simu nikakaa kimya. Simba wa Tsavo! Mtoto gani wa Pwani hajawasikia? Mwaka 1898, reli ikijengwa kutoka Mombasa, simba wawili wasio na manyoya shingoni waliwavamia wajenzi wa daraja la mto Tsavo, Wahindi na Waafrika, wakawala kwa miezi, hadi John Henry Patterson alipowaua mwezi Desemba. Miili yao iko Chicago, kwenye jumba la makumbusho la Field. Mimi nilipita Tsavo kwa basi nikija kutafuta kazi, nimelalia kioo cha dirisha, kumbe nilikuwa navuka mahali ambapo kazi yangu ilizaliwa. Kwa namna ya kusema tu, maana sehemu kubwa ya ile filamu ilipigwa California.

Jioni ile nilimsimulia ami. Kilichomgusa yeye si simba, ni mitambo. Zama zile 3D ilitaka projekta mbili ziende pamoja, moja kwa kila jicho. Jumba la kawaida lilikuwa na mbili, moja inapumzika wakati nyingine inafanya kazi, kwa hivyo zikitumika zote mara moja ilibidi kuwe na mapumziko ya kubadilisha mikanda, hata kwa filamu fupi. Na mkanda mmoja ukikatika, fundi akaunga akapoteza picha mbili tatu, mkanda wa pili ulipaswa ukatwe palepale, la sivyo jicho moja linatangulia jingine hadi mwisho. Ami alishika kichwa. "Maskini watazamaji. Na maskini fundi pia, usiku ule yuko peke yake juu." Alijua hasa makosa yale yanavyotokea, na alijua kwamba mwenye jumba hatamlipa msaidizi. Kufikia mwaka 1954 homa ilikuwa imepoa. Viwamba vipana visivyohitaji miwani vilianza kuenea mwaka 1953, watu wakavikimbilia. Dial M for Murder ya Hitchcock, iliyopigwa kwa 3D kwa uangalifu mkubwa, ilitoka mwaka huo wa 1954 na majumba mengi yakaionyesha kama filamu ya kawaida.

Tangu hapo kila ninaposikia watu wakisema watazamaji walichoka na 3D, mimi hukataa. Mara zote mbili, miaka ya hamsini na miaka yetu, 3D iliangushwa na kazi ya haraka: mkanda ulioungwa vibaya, ugeuzaji wa wiki kumi, taa iliyozeeka. Mtazamaji alikuwa tayari kulipa zaidi. Alilipa, akaja, akavaa miwani juu ya miwani yake ya kusomea ikambana pua kwa saa mbili. Sijui umtake nini tena.

Lakini lazima niseme na hili, ingawa linaniuma: filamu inaweza kumfaa mtazamaji na isiifae studio. Hugo ya Martin Scorsese, mwaka 2011, ndiyo 3D nzuri kuliko zote nilizopata kuziona mpaka naacha kazi. Vumbi linaelea kwenye mwanga wa stesheni ya reli ya Paris, moshi una tumbo na mgongo, na kina kinakupeleka ndani ya saa kubwa, meno kwa meno. Ilipata Tuzo tano za Oscar, ya upigaji picha ikiwemo. Na iliingiza kama dola milioni 185 ikiwa imegharimu si chini ya milioni 150, ambapo karibu nusu ya kila tikiti hubaki kwa mwenye jumba, mbali na gharama ya matangazo. Hiyo ni hasara. Mwaka huohuo Mars Needs Moms, ya 3D pia, iligharimu dola milioni 150 ikaingiza 39 tu, kwa hiyo kina hakiokoi filamu isiyotakiwa. Studio ikizitazama hesabu hizi mbili inaona kitu kimoja. Mimi niliyekuwa mlangoni niliona watu wa Hugo wakitoka, wachache, wakitembea polepole, hakuna aliyefungua mdomo mpaka nje.

Televisheni za 3D sina mengi ya kusema. Zilijaa madukani tangu 2010, mwaka wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, ambapo mechi 25 zilirekodiwa kwa 3D. Kufikia 2017 kampuni za LG na Sony nazo ziliacha kuzitengeneza. Sebuleni watu wanaingia na kutoka, mmoja anapika, mwingine anamwogesha mtoto. Miwani ni ya mtu aliyekubali kukaa.

Niliacha kazi mwaka 2017, ami akastaafu mwaka huohuo tukarudi Mombasa sote. Presha ya macho ilimchukua jicho la kushoto kimyakimya, hakuijua mpaka imekwisha kula. Desemba 2022 ilipotoka Avatar: The Way of Water alisema anataka kuiona. Nikamkumbusha, kwa uoga, kwamba kina hatakiona. Akanijibu kwamba André de Toth, aliyeongoza House of Wax mwaka 1953, mojawapo ya filamu za 3D zilizofanikiwa kuliko zote za zama zile, alikuwa na jicho moja. Nilikuwa nimemsimulia hilo mwenyewe miaka kumi nyuma.

Dirishani niliomba tikiti za filamu hiyo bila 3D. Hakuna, jioni hiyo ni 3D tu. Tukalipa nyongeza mbili, moja ya kina ambacho ami hangekiona, na miwani alilazimika kuivaa, maana bila hiyo picha zinaonekana mbilimbili. Hilo ni kosa, na ningependa kila mwenye jumba alisikie: mwachieni mtu achague, saa ileile, siku ileile. Wenye jicho moja ni wengi kuliko mnavyodhani, na wengine hawajijui.

Taa zikazimwa. Dakika za mwanzo sikutazama filamu, nilimtazama ami. Alivua miwani, akakitazama kiwamba kitupu, akavaa tena, akavua, akavaa. Kisha akaegemea kiti. Filamu ni ndefu, zaidi ya saa tatu. Kulikuwa na sehemu za chini ya maji ambapo mimi niliacha kuhema vizuri, chembe za mchanga zikielea kati yangu na kiti cha mbele, na mwanga wa jua ukishuka kwa mistari hadi kwenye matumbawe. Kila chembe ilikuwa wazi. Macho hayakuniuma wakati wowote.

"Taa yao ni mpya," ami alinong'ona karibu na mwisho.

Tulipotoka, binti mmoja alikuwa mlangoni na sanduku, umri wangu wa wakati ule. Ami alisimama kando kuwapisha watu. Akachovya ncha ya kikoi chake kwenye chupa yetu ya maji, akaosha vioo vyote viwili vya miwani yake, akavikausha kwa upande mwingine wa kikoi, kisha akanyoosha mkono nimpe na yangu.